Jina ni la Nani? Manju, Mpima Mizani na Mkimbiaji

Atakayefika Sola, katika nchi ya pamba ya Simiyu, wakati wa msimu wa ununuzi, ataona biashara mbili zikienda bega kwa bega. Kwenye ghala la chama cha ushirika cha msingi, ambacho sote sasa tunakiita AMCOS, mkulima anashusha mzigo wake, unapandishwa kwenye mizani, kilo zinaandikwa, naye anaondoka na stakabadhi mkononi. Siku ya mnada, mkulima huyohuyo, au kijana wake, anainama mbele ya rundo la mitumba, anapekua na kugeuza, na hatimaye anachagua fulana moja na kuiacha nyingine inayofanana nayo kwa kitambaa na kwa ushonaji. Tofauti ni alama ndogo iliyochapwa kifuani. Kwa ajili ya alama hiyo yuko tayari kuongeza fedha.

Pamba aliyoiuza haina jina, bali fulana aliyoinunua inalo. Baina ya vitu hivyo viwili imefichika sehemu kubwa ya historia ya uchumi wetu, na ndiyo ninayotaka tuitafakari leo.

Makampuni makubwa ya mavazi na viatu vya michezo yanatueleza kwamba jina la biashara hudumu mbele ya wakati kwa kuwaweka karibu watu wa aina mbili: wataalamu wanaojua kitu kinavyotengenezwa, na wanariadha wanaokijaribu kwa miili yao mbele ya macho ya dunia. Maelezo hayo ni ya kweli. Hata hivyo, yanatolewa kana kwamba ni uvumbuzi wa karne hii, na yanaruka swali moja: jina likishapata nguvu, linakuwa la nani? Hoja yangu ni kwamba Usukuma uliijua kanuni hiyo zamani, na uliijua pamoja na swali lake.

Uwanja wenye ngoma mbili

Simulizi za Wasukuma zinawataja waganga wawili wa karne ya 19, Ngika na Ngalu. Kila mmoja alidai kwamba dawa yake ya kuvuta watu ilikuwa na nguvu kuliko ya mwenzake. Wafuasi wao wakajigawa, na mgawanyo huo ukazaa vyama viwili vya ngoma vilivyoenea kila pembe ya Usukuma: Wagika na Wagalu. Baada ya mavuno, pamba na mtama vikishaondoka shambani, vyama hivyo hukutana kushindana.

Utaratibu wa shindano lao unastahili kuelezwa kwa makini. Makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, kila moja upande wake wa uwanja. Watazamaji wako huru kwenda watakako. Kundi litakalowavuta watu kwa wingi ndilo litakaloondoka na ushindi; miguu ya watazamaji ndiyo kura. Mtu akichoka na upande wa Wagika huvuka uwanja akaenda kwa Wagalu, na jirani yake akimwona anavuka, naye hujiuliza kuna nini huko.

Katika mazingira kama hayo, jina kubwa halitoshi. Kundi lililoshinda mwaka jana haliwezi kurudi na jambo lilelile, kwa kuwa wapinzani wamekwisha kuliiga na watazamaji wamekwisha kulizoea. Ndiyo maana ngoma za Usukuma zilikusanya ujuzi kutoka kila fani ya maisha. Mabingwa wa nyoka waliingia uwanjani na chatu. Wawindaji wa nungunungu walileta nyimbo na mbinu za chama chao. Wakulima waliolima kwa makundi wakisindikizwa na ngoma walileta bugobogobo, ngoma ya jembe, ambamo chombo cha kazi hurushwa hewani na kudakwa kwa mapigo. Kila msimu ulidai kipya, na kipya hakikutoka kwa mwenye jina. Kilitoka kwa mwenye ujuzi.

Wenye ujuzi hao walikuwa wa aina mbili. Alikuwapo manju, mtunzi na kiongozi, aliyesoma hali ya watu, akajua lipi linawauma na lipi litawachekesha, kisha akalitia katika wimbo kabla ya mpinzani wake. Walikuwapo pia wachezaji, ambao miili yao ndiyo iliyothibitisha kwamba maneno ya manju yana uzito. Mtaalamu na mwanariadha: ndio haohao wawili wanaotajwa leo katika vyumba vya mikutano vya Ulaya na Marekani.

Lakini hapa pana tofauti ya msingi. Jina “Wagika” halikuwa mali ya mtu. Hakuna aliyeweza kuliuza, kulikodisha wala kumzuia mchezaji asilitumie baada ya kugombana na kiongozi wake. Manju alituzwa hadharani na watu walewale aliowafurahisha. Mchezaji aliyeona anadharauliwa aliweza kuondoka. Sifa ilikaa kwa wenye kuitengeneza, na kwa hiyo chama kililazimika kuwasikiliza. Sisemi kwamba mambo yote yalikuwa mema: mashindano hayo yalizaa pia matusi na tuhuma za uchawi. Nasema tu kwamba mwenye ujuzi hakutenganishwa na jina lake.

Mizani na mbegu

Pamba ilipokuwa zao kuu la biashara la Kanda ya Ziwa chini ya utawala wa Waingereza, Msukuma aliingia katika soko la aina nyingine. Hapa hakukuwa na uwanja wa wazi. Mkulima alipeleka pamba yake kwa mfanyabiashara, na mfanyabiashara ndiye aliyesoma mizani. Malalamiko ya kupunjwa yalikuwa mengi, na hayakuwa na pa kwenda, kwa kuwa aliyelalamika hakuweza kusoma namba.

Jibu la wakulima mwanzoni mwa miaka ya 1950 lilikuwa rahisi na lenye akili. Walichagua vijana waliojua kusoma na kuhesabu, wakawaweka kwenye vituo vya ununuzi kuhakiki mizani kwa niaba yao. Kazi hiyo ya wapima mizani, iliyohusishwa na Paul Bomani na Chama cha Wakulima wa Jimbo la Ziwa, ilikuwa msingi wa imani ambayo juu yake ulijengwa muungano wa vyama vya ushirika wa Victoria, VFCU, mwaka 1955. Muungano huo ulikua hadi kuwa miongoni mwa vyama vikubwa kabisa vya ushirika vya Waafrika barani. Jina lake lilitokana na kijana aliyesimama karibu na mizani akasema, kwa sauti ya kusikika, kilo ni ngapi.

Kando ya vijana hao walikuwapo wataalamu wa mbegu. Katika kituo cha utafiti cha Ukiriguru, karibu na Mwanza, watafiti walizalisha aina za pamba zilizoweza kustahimili wadudu na magonjwa yaliyokuwa yakiiangamiza. Hata leo herufi “UK” katika majina ya mbegu zetu, kama UK77 na UK91, si kifupi cha nchi ya Waingereza kama wengi wanavyodhani, ni Ukiriguru. Kila ugonjwa mpya uliwalazimu watafiti kuwa na mbegu nyingine tayari. Huko nako kulikuwa ni kutangulia wakati, ingawa hakuna aliyepiga picha wala kuchapisha tangazo.

Mizani ya haki, mbegu safi iliyogawiwa kwa kanda, na uchambuzi wa madaraja uliotenga pamba safi na chafu: mambo hayo matatu yaliipa pamba ya Tanganyika sifa nzuri huko ilikokwenda. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Pamba yetu ilijiuza kwa sababu palikuwa na watu waliojua, na waliojua walikuwa na nafasi ya kusema.

Lakini wahenga walisema pia kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Ushirika ulipokua kwa kasi, uongozi ukajitenga na wanachama. Malalamiko ya ubadhirifu yakaifanya serikali iunde kamati maalumu ya uchunguzi mwaka 1966. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa kwa amri, na kazi yake ikakabidhiwa mamlaka za mazao. Vilirudishwa katika miaka ya 1980, vikiwa dhaifu. Kisha soko la pamba likafunguliwa mwaka 1994. Wanunuzi wakamiminika, kila mmoja akigombania kilo, na mgombania kilo hana muda wa kuuliza daraja. Utengaji wa pamba safi na chafu ukalegea, mbegu za kanda moja zikachanganyika na za nyingine, wako waliotia maji na mchanga ili mzigo uwe mzito, na bei ya ziada iliyokuwa ikilipwa kwa sifa ya pamba yetu ikapotea.

Nawaomba wanafunzi wangu wa historia wasiisome sehemu hii kama hadithi ya maadili ya mkulima peke yake. Mkulima aliyetia mchanga aliona kwamba aliyesafisha pamba yake analipwa bei ileile. Jina lilikuwa limekoma kuwa lake. Kwa nini alilinde?

Kiatu na mguu

Wakati pamba yetu ikisafiri bila jina, nje yetu majina mengine yalikuwa yakijengwa kwa njia ileile ya manju na mchezaji. Mwaka 1936 fundi wa viatu wa Kijerumani, Adi Dassler, aliyekuja baadaye kuanzisha Adidas, alihakikisha kwamba viatu vyake vimevaliwa na Jesse Owens katika Michezo ya Olimpiki ya Berlin. Mwaka 1964 kocha wa mbio wa Chuo Kikuu cha Oregon, Bill Bowerman, alishirikiana na mwanafunzi wake wa zamani, Phil Knight, kuanzisha kampuni ambayo leo ni Nike. Bowerman aliwashonea wanariadha wake viatu, akawatazama wakikimbia, akarudi kurekebisha. Miaka michache baadaye alimimina mpira katika chombo cha jikoni cha kuokea mikate ya wafeli ili apate soli yenye kushika ardhi. Mtaalamu alifikiri, mkimbiaji akajaribu, na jina likapanda.

Afrika Mashariki iliingia katika historia hiyo kwa miguu. Tarehe 2 Februari 1974, huko Christchurch, New Zealand, mwanajeshi wa Tanzania Filbert Bayi alikimbia mita 1500 kwa dakika 3 na sekunde 32.16 na kuvunja rekodi ya dunia. Namna alivyokimbia ilikuwa na uzito kuliko hata rekodi yenyewe. Desturi ya wakati huo ilikuwa kuvizia hadi mzunguko wa mwisho. Bayi aliongoza tangu mwanzo, akawalazimisha wenzake wamfukuze, na John Walker aliyemfuata naye alipita chini ya rekodi ya zamani. Mwaka uliofuata, huko Kingston, Jamaica, Bayi alivunja pia rekodi ya maili. Aliwapa wakimbiaji wa dunia fikra mpya juu ya mbio hizo.

Alipata nini? Kanuni za michezo ya ridhaa zilimkataza mwanariadha kulipwa kwa jina lake. Mwaka 1976 Tanzania ilisusia Michezo ya Montreal pamoja na nchi nyingine za Afrika, kupinga mahusiano ya raga kati ya New Zealand na Afrika Kusini ya makaburu. Ulikuwa uamuzi wa heshima ambao sijutii hata leo, lakini gharama yake ilibebwa na vijana wachache, na pambano la Bayi na Walker lililosubiriwa na dunia nzima halikufanyika. Medali ya Olimpiki, fedha ya mita 3000 kuruka viunzi na maji, aliipata Moscow mwaka 1980.

Shirikisho la riadha la dunia lililegeza kanuni za malipo mwaka 1982. Juma Ikangaa, mshindi wa pili wa Boston kwa miaka 3 mfululizo, 1988 hadi 1990, na mshindi wa New York mwaka 1989 kwa saa 2:08:01, alikimbia katika dunia ambamo tayari kifua cha mwanariadha kilikuwa ubao wa matangazo. Kufikia kizazi cha Eliud Kipchoge wa Kenya, mkimbiaji amekuwa sehemu ya maabara yenyewe. Tarehe 12 Oktoba 2019, huko Vienna, Kipchoge alimaliza umbali wa marathoni kwa saa 1:59:40 akiwa na viatu ambavyo vilikuwa bado havijaingia madukani, vyenye povu nene na mabamba ya kaboni ndani ya soli. Miezi michache baadaye Shirikisho la Riadha la Dunia likaweka mipaka: soli ya kiatu cha barabarani isizidi milimita 40, na bamba liwe moja. Kitu kilichojaribiwa na miguu ya mtu wa Nandi kilibadilisha sheria za mchezo na kuwalazimisha watengenezaji wote wa viatu kufuata.

Hapo ndipo penye kanuni ya kutangulia wakati. Kampuni haibashiri yajayo. Inakaa karibu na watu wanaoyafikia kwanza, inawasikiliza, na inayafunga yale waliyoyagundua ndani ya alama yake. Mkataba wa mkimbiaji una tarehe ya mwisho, na mguu wake vilevile. Alama ya biashara huhuishwa tena na tena.

Wala haikupaswa kuwa hivyo daima. Mwaka 1984 Michael Jordan, mchezaji wa mpira wa kikapu wa Marekani, aliingia mkataba na Nike ambao haukuishia katika ada ya kuvaa viatu. Ulimpa sehemu ya mapato ya viatu vyenye jina lake, na mapato hayo yameendelea kumfikia miaka mingi baada ya kustaafu. Mwaka 2019 Roger Federer wa tenisi aliingia katika kampuni ya viatu ya On ya Uswisi kama mwekezaji. Na huko Kenya, Navalayo Osembo na mwenzake walianzisha Enda, chapa ya viatu vya mbio iliyochangiwa mtaji mtandaoni mwaka 2016 na kukipa kiatu chake cha kwanza jina la Iten, mji wa wakimbiaji. Njia ya kampuni ndogo mbele ya majitu ya dunia ni ngumu mno, lakini hatua hiyo ilionesha kwamba jina la mahali petu laweza kuandikwa kwenye kiatu na watu wa hapa.

Turudi Sola

Mkoa wa Simiyu ulizaliwa mwaka 2012 ukitoka ubavuni mwa Shinyanga, nao umekuwa kinara wa pamba nchini. Katika wilaya ya Meatu, tangu mwaka 1994, kuna kilimo cha pamba hai kilichoanzishwa na kampuni ya bioRe yenye asili ya Uswisi. Wakulima wake hufuata masharti ya kitaalamu na hupata bei ya ziada. Ni jambo jema, na linathibitisha kwamba mkulima wetu akilipwa kwa ujuzi wake atautumia. Lakini jina analolisoma mnunuzi wa shati huko Ulaya ni la kampuni, halisemi Meatu.

Tumejaribu pia wenyewe. Katika muongo uliopita, sera ya mkoa ya kila wilaya kuwa na bidhaa yake ilizaa chaki za Maswa na maziwa ya Meatu, bidhaa zilizobeba majina ya mahali pake. Wazo lilikuwa sahihi. Kinachobaki ni lile somo la uwanja wa ngoma: jina la mahali halitoshi kama hakuna mtaalamu anayeruhusiwa kusema kwamba bidhaa imeshuka ubora, na kama mtengenezaji hana chake ndani ya jina.

Kwa watumishi wa umma wanaosoma ukurasa huu, haya si mambo ya nadharia. Tunayo Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986, na tunayo BRELA ya kusajili alama hizo. AMCOS zinaweza kuwa wamiliki wa jina la pamba yao, badala ya kuwa vituo vya kupima mzigo wa mwingine. Mtafiti wa Ukiriguru, mchambuzi wa madaraja na mkulima bora wanaweza kukaa katika chombo kinachoamua nani alitumie jina hilo na nani avuliwe.

Kwa wanaharakati na wanafunzi, nina jambo jingine. Mwezi Septemba 2025, huko Tokyo, Alphonce Simbu alikuwa Mtanzania wa kwanza kutwaa ubingwa wa dunia wa riadha, akishinda marathoni kwa tofauti ya sekunde 0.03. Tulishangilia, na tulistahili kushangilia. Baada ya shangwe, kila taasisi inayotaka kusimama karibu naye apigwe picha iulizwe kwa upole: katika mkataba wenu, mwanariadha ana hisa gani? Swali hilohilo liulizwe kwa anayechukua video ya ngoma ya Wagalu kupamba tangazo lake, kwa kuwa manju wa leo naye ana haki ya utunzi.

Historia haitupi sababu ya kuota kwamba umiliki peke yake unaponya kila kitu. VFCU ilikuwa mali ya wakulima, na bado ilianguka, kwa sababu waliokabidhiwa jina waliacha kuwasikiliza waliolijenga. Masharti ni mawili, na hayatenganishwi: mwenye ujuzi awe na sauti, na awe na sehemu katika jina. Likikosekana la kwanza, jina huzeeka. Likikosekana la pili, jina hustawi na mwenye ujuzi hubaki maskini.

Siku nyingine ukipita Sola wakati wa mavuno, simama kidogo mahali ngoma zinapochezwa. Tazama watu wanavyovuka kutoka upande mmoja kwenda mwingine, na mchezaji anavyotuzwa palepale, mbele ya wote, kwa jasho alilolitoa. Kisha nenda ghalani ukatazame mizani, uulize pamba ile itaitwa nani ikifika iendako.